Hamira ya Maji ya Mwanzi

Jumatano, 8 Februari 1956. Iringa.

Mvua tangu alfajiri. Viatu vyangu vya Ijumaa vimeota manyoya ya kijani. Nilikipiga brashi cha kulia kwa hasira, nikayatukana yale manyoya, nikachoka kabla ya kufika cha kushoto. Nikavaa makubadhi na kwenda kumjulia hali Mzee Muhidini.

Laiti ningejua nilikuwa namtukana nani!

Mzee alikuwa barazani, mguu juu ya kiti. Mwezi uliopita mguu ule ulivimba ukapasuka, na watu walikwisha anza kuulizana habari za sanda. Sasa anakunja kidole gumba na kukikunjua, na kila apitaye njiani analazimika kutazama. Liberatus, dresa wa hospitali ya Tosamaganga, alikuwa akimfunga bendeji mpya. Nikamwuliza ile sindano iliyomponya Mzee imetengenezwa na nini. Akajibu taratibu, bila hata kuinua macho: imetoka kwenye kuvu. Kuvu hasa, jamaa ya ile iotayo kwenye mkate uliolala na kwenye viatu wakati wa mvua.

Nikakaa chini. Yeye akaendelea. Hamira iumuayo mkate ni ya ukoo huohuo. Ichachushayo ulanzi, ile pombe ya mwanzi, ni hiyohiyo hamira, ila ya mwitu. Mapunye ya vichwani mwa watoto, ukoo huo. Uyoga pia. Na mbegu zake zimo hewani, ndogo zisizoonekana, tunazivuta puani sasa hivi. Mzee akaziba pua. Mimi nikavuta pumzi ndefu kwa heshima.

Sasa jambo lenyewe. Mzee aliweka nadhiri ya kusomesha maulidi akipona. Amepona. Itakuwa Alhamisi ya wiki ijayo, baada ya alasiri. Akauliza nani atatutengenezea mkate wa sinia. Wakati huohuo Zuena akapita na buli la kahawa. Zuena ni mtoto wa marehemu kaka yake Mzee, mjane, na Mzee ndiye walii wake. Hayo macho yake siyaandiki, nitaharibu ukurasa. Nikasema: mimi. Mimi na dada yangu Mwanakhamisi. Mikate yote! Mzee akafurahi. Akasema maulidi yakiisha nimwendee, tulizungumze lile jambo ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka tangu Mfungo Sita.

Bushiri naye alikuwapo. Huyu ni dereva wa lori la Mbeya, mtu mpole kupita kiasi, naye ana macho ya kumwona Zuena kama mimi. Akaniuliza kama nina hamira, maana madukani imekwisha tangu barabara ilipoharibika kwa mvua. Kesho anakwenda Mbeya, anaweza kuniletea kopo.

Nimwombe Bushiri! Mbele ya Zuena! Nikamwambia ninayo tele.

Sina hata chembe.

Alhamisi, 9 Februari.

Nimezunguka mji mzima. Hamira hakuna. Mwenye duka ninayeshonea barazani kwake alinionyesha kopo tupu na kunishauri nisubiri ukame. Nikateremka mpaka Ipogolo. Hakuna.

Nikiwa pale chini lori la Bushiri likasimama kando yangu. Akachungulia, akauliza tena kwa upole wake ule: kaka Halfani, hamira nisikuletee kweli? Ulimi ulitangulia akili. Tele, nikasema, mpaka nagawa majirani.

Lori likaondoka kuelekea Mbeya. Nililitazama mpaka likapotea kwenye mvua.

Ijumaa, 10 Februari.

Nimepata! Kama ukoo ni mmoja, basi kuvu ya kiatu ni shangazi wa hamira, na shangazi hawezi kukataa kumfanyia kazi mpwa wake. Nikachukua kiatu cha kushoto, kile nisichokipiga brashi (ona Mungu anavyopanga!), nikakwangua manyoya yote kwa mkasi wangu wa vishimo vya vifungo. Nikayakoroga na unga wa mchele na maji ya uvuguvugu, nikafunika bakuli kwa kipande cha kitambaa na kulificha chini ya cherehani. Dada sikumwambia. Akili kubwa hufanya kazi kimya.

Nimeswali Ijumaa na makubadhi, moyo mweupe.

Jumamosi, 11 Februari.

Bakuli kimya. Labda shangazi ni mvivu.

Lakini nimefumbuliwa macho, nami siwezi tena kuyafumba. Kuvu iko kila mahali! Kwenye kamba ya kuanikia. Kwenye limau lililosahauliwa kabatini, rangi ya bluu ambayo sijapata kuiona kwenye jora lolote la hariri. Kwenye gogo la nyuma ya nyumba, imejipanga vibao kwa vibao, mtu angeweza kuweka vikombe. Kwenye ukosi wa koti la mteja. Mteja wa suruali alikuja kupimwa, nikamwomba nimwone kati ya vidole vya miguu. Akanionyesha kwa mashaka. Ilikuwapo! Nikampongeza. Ameondoka na suruali yake haijapimwa, na nadhani atatafuta fundi mwingine.

Liberatus alisema kama si kuvu hao, magogo yote yaliyoanguka tangu enzi za Mkwawa yangekuwa bado yamelala palepale, tusingepata pa kukanyaga. Yanaliwa kidogo kidogo yakawa udongo. Wafanyakazi wa namna hii, hawaonekani, hawadai, hawajisifu! Nimejisikia mdogo kwa muda mfupi.

Jumapili, 12 Februari.

Nimefunua bakuli. Subhana Allah! Unga haukuumuka hata unene wa ukucha, ila juu yake imetandazwa mahameli, kijani katikati, ukingo mweupe wa duara kamili, haukupinda popote. Mimi ni fundi wa mwaka wa kumi na mbili na bado duara napima kwa sahani. Nilikaa nikaitazama mpaka Dada Mwanakhamisi akaingia.

Yeye hakuona mahameli. Aliona bakuli lake jema. Alilitupa lote, na vilivyomo, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Ikabidi nimwambie ukweli, kwamba hamira hatuna. Akauliza kwa nini sikumwagiza Bushiri. Nikamweleza habari za heshima ya mwanamume. Akasema heshima haiumui mkate.

Baadaye hasira zikapungua, akaanza kukumbuka ya zamani. Bibi yetu kule Lindi, kabla kopo la hamira halijajulikana, akiumua vitumbua kwa tembo la mnazi. Kidogo tu, ncha ya kata, na usiku kucha unga unapanda. Watu wote wa mtaa walijua na hakuna aliyeuliza. Akasema astaghfirullah, akaenda kuwasha moto.

Huku Iringa minazi hakuna. Lakini mianzi ipo!

Jumatatu, 13 Februari.

Kwanza nililipima jambo hili kisheria, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Ulanzi ni pombe, haramu, na mimi sijauonja wala sitauonja. Lakini Wahehe wakichonga ncha ya mwanzi mchanga na kuukinga kwa mbeta, kile kikopo cha mwanzi, yale maji yanapodondoka ni matamu tu, mtoto anakunywa. Hayajawa pombe. Kwa hiyo mimi ninanunua maji ya mwanzi. Yakigeuka tabia yakiwa mikononi mwangu, hayo ni mambo ya kuvu, na kuvu haijabaleghe. Nimeridhika kabisa.

Nikachukua chupa ya chai ya Dada, nikateremka bondeni zaidi ya Ipogolo kwa mgema mmoja. Alishangaa kumwona mtu wa kofia na kanzu kwenye mianzi yake. Nikamwambia ni dawa. Akasema hata yeye huiita dawa. Nikajaza, nikakaza kizibo kwa nguvu zangu zote.

Jua likatoka. Mlima wa kurudi mjini ni mkali. Karibu na kileleni nikakutana na Maalimu, anayewafundisha watoto wetu Kurani na ndiye atakayesoma maulidi. Nikasimama kumwamkia. Tukaulizana hali, nyumbani, mvua. Kwapani nikasikia mnong'ono. Kisha mlio. Kizibo kiliruka juu ya kofia ya Maalimu, na povu likanishukia kanzu nzima.

Nikamwambia ni maji ya sabuni, nampelekea dada. Maalimu akasema sabuni hii ina nguvu. Akanusa, akaendelea na safari yake.

Walisukuma kizibo! Wadudu wasioonekana, hawana mikono!

Jumanne, 14 Februari.

Nimerudi tena bondeni. Safari hii kizibo ni kitambaa kilegevu. Mwerevu hujifunza.

Nikajaribu kwanza kwenye kikombe. Unga wa mchele, sukari, maji ya mwanzi. Adhuhuri nikakiweka dirishani, alasiri unga ulikuwa umevuka ukingo na unateremka sahanini. Nikauwekea sikio. Unachemka, bila moto, sauti kama mvua ndogo ya mbali. Nakiri machozi yalinilengalenga. Hakuna aliyewaita wadudu hawa. Walikuwa wamekaa kwenye mwanzi huko bondeni, wanangoja tu mtu awape kazi.

Dada nimemwambia nimepata hamira ya maji. Akauliza inatoka wapi. Nikasema ya hapahapa Nyanda za Juu. Ni kweli tupu.

Alhamisi, 16 Februari.

Naandika haya upesi, nikajifunike shuka.

Asubuhi unga ulikuwa umejaa sufuria zote na kuinua vifuniko. Dada, ambaye tangu jana alikuwa akitwanga mchele na kukuna nazi iliyotoka pwani, alisema hajapata kuona unga wenye bidii hivi. Nikajibu kwa unyenyekevu.

Ndipo Bushiri akabisha hodi. Matope mpaka kiunoni. Lori lilizama karibu na Igawa, walisukuma nusu siku. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kopo la hamira, kavu, limefungwa kwenye gazeti. Akasema: "Najua unayo tele, kaka, lakini ya akiba haidhuru."

Muda ulikuwapo. Ningeweza kumwaga wote na kuanza upya, chini ya jua hili ungepanda kabla ya alasiri. Nililitazama kopo. Nikautazama unga wangu. Kopo nikaliweka juu ya kabati, nikamwambia Bushiri asante, nitalichanganya na yale mengine.

Mikate ilitoka kwenye makaa imenyanyuka, ya hudhurungi, yenye vitundu vidogo vidogo. Dada alinusa, akasema kuna harufu anaijua lakini haimjii. Nikazidisha iliki.

Maulidi yakasomwa vizuri. Nyumba imejaa, wanawake nyuma ya pazia, mimi mstari wa mbele nimenyooka. Mkate ukapitishwa. Minong'ono ya sifa! Maalimu akachukua kipande, akarudia, akarudia tena. Mzee Muhidini akanipiga bega na kuniita mwanangu. Mwanangu! Nyuma ya pazia niliisikia sauti ya Zuena ikiuliza nani kaumua mkate huu. Kama ningekufa pale ningekufa tajiri.

Mzee akasema Liberatus naye apewe, kwani ni mgeni wa heshima, ndiye aliyemchoma sindano. Liberatus, Mhehe wa Tosamaganga, Mkristo, mtu asiyejua kusema uongo hata wa adabu. Akatafuna polepole. Uso ukamng'aa.

"Bwana Halfani," akasema, na wakati huo watu walikuwa wamenyamaza, "umenirudisha nyumbani. Huu ni ulanzi kabisa. Tena wa leo."

Mkono wa Maalimu ulisimama njiani, kipande cha nne kikiwa nusu ya safari. Akanitazama. Nikaona macho yake yakipanda ule mlima wa Ipogolo, yakifika kwenye sabuni.

Mzee akaniuliza nimetia nini. Ningeweza kusema neno moja la toba. Badala yake nikasimama nikatoa hotuba. Nikasema ni kuvu tu, ukoo uleule uliomponya Mzee. Kwamba haiwezekani kumkubali binamu kwenye mguu na kumkataa binamu kwenye mkate. Kwamba kama tunautapika mkate, basi na mguu turudishe.

Mzee akaufunika mguu kwa kanzu.

Maalimu akasema kwa sauti ndogo, na ndiyo iliyoniumiza: "Kuvu haina kosa, Halfani. Kosa ni la aliyejua akanyamaza, akatulisha."

Wanaume wote wakatoka kwenda kusukutua. Maji yakaisha pipani. Watoto walibaki wanakula. Na nyuma ya pazia mtu mmoja alianza kucheka na hakuweza kuacha.

Ijumaa, 17 Februari.

Sikwenda msikitini. Nimejifunika shuka.

Alasiri Zuena alikuja kumwona Dada. Niliwasikia wakizungumza uani, na baadaye Dada akaniletea maneno yote, moja moja, kwa raha.

Kwanza, aliyecheka ni Zuena. Hajacheka hivyo tangu afiwe.

Pili, jikoni kwa Mzee Muhidini kulikuwa na nusu kopo la hamira muda wote. Zuena alijua sina. Aliniona uso siku ile nilipomjibu Bushiri. Akawa anangoja nije niombe.

Tatu, na hili Dada alilisema kama alivyolisema Zuena mwenyewe: "Mwambie mume wa maneno matamu nilikuwa naye, Mungu amrehemu. Huyu wa sasa namtaka ajue kusema sina, na ajue kusema sijui. Akiweza, aje Jumapili amwombe Mzee radhi. Halafu tutaona."

Tutaona! Sijapotea! Dada akaongeza mficha uchi hazai, akaniacha niifikirie.

Nimeifikiria. Ni kweli. Mateso yote haya, kwa kushindwa kusema neno moja la herufi nne. Kesho nitafanya mazoezi mbele ya kioo. Sina. Sijui. Sina. Sijui.

Jumapili, 19 Februari.

Siku ya ushindi!

Nilikwenda na viatu, nimevikwangua vyote viwili. Nikamwomba Mzee radhi, nikainama mpaka kofia ikaanguka. Akanisamehe. Alisema Maalimu naye amesamehe, ila ametaka maulidi yarudiwe, kwa mkate ulioumuliwa na mtu mwingine. Bushiri alikuwapo. Nikamgeukia mbele ya wote na kusema: kaka, siku ile hamira sikuwa nayo. Nilisema! Akanishika mkono, akasema alidhani hivyo, ndiyo maana alileta.

Zuena alitoka na kahawa akaketi pale kwenye kizingiti. Uso mzuri, umetulia. Mambo yalikuwa yananyooka kabisa.

Akasema Jumatano wanakuja wageni wa Mbeya, jamaa za upande wa marehemu mama yake waliohamia huko, na Mzee angependa kuwapikia mchuzi wa uyoga, maana mvua hizi zimeuotesha kila kilima. (Mama yake alikuwa Mhehe wa Kalenga. Zuena ameokota uyoga tangu anajifunza kutembea.) Akatuuliza sisi wawili kama tunaujua uyoga unaolika na unaoua.

Bushiri, maskini, alikuna kichwa. Akasema yeye hajui hata mmoja, na anauogopa wote sawasawa. Mbele ya mwanamke! Mtu mzima, dereva! Nilimwonea haya.

Mimi nikamwambia asihangaike. Ukoo huo nimeusoma wote, tangu viatu mpaka sindano, hakuna tawi nisilolijua. Mweupe, mwekundu, wa mviringo, wa kwenye kichuguu, wote. Nitaleta kapu mwenyewe.

Zuena akanitazama kitambo kirefu. Sijapata kutazamwa hivyo. Kisha akainuka, akamjazia Bushiri kikombe cha pili. Kumfariji, nadhani.

Dada anauliza nitaupambanuaje uyoga. Nimemwambia uyoga mzuri mtu anautambua kwa kuutazama tu, ni kama kitambaa. Kesho napanda kilimani na kapu kubwa.